Tumbo lililobaki baada ya uzazi: kunyonya mafuta au kukata na kushona?

Dada, nimelisoma swali lako kwa makini. Unasema umezaa watoto watatu, wa mwisho kwa operesheni, na sasa ana miezi minane na bado ananyonya. Uzito wako umerudi karibu na ulivyokuwa, lakini tumbo limechomoza na ngozi ya chini imekunjika juu ya mshono, na kliniki moja ya urembo imekupa bei ya kunyonya mafuta huku ikikuahidi kwamba utarudi ulivyokuwa kabla ya kuolewa. Unauliza kama ukubali. Mimi nilipasuliwa tumbo hapa Dar es Salaam baada ya mtoto wangu wa tatu, nikiwa nimekwisha kuzungukia madaktari kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyapitia na kwa yale aliyonieleza daktari aliyenihudumia. Jibu langu ni kwamba usikubali, walau si sasa na si kwa utaratibu huo.

Tumbo la mwanamke aliyezaa hubadilika katika tabaka tatu, yaani ngozi, mafuta na misuli, na kila upasuaji unaotangazwa mitandaoni una tabaka lake. Kunyonya mafuta hushughulikia mafuta peke yake. Hakukazi ngozi iliyotanuka, hakuondoi michirizi, wala hakurudishi misuli iliyoachana. Ukimnyonya mafuta mtu ambaye tatizo lake ni ngozi, ni sawa na kutoa sufi kwenye mto: foronya haipungui, inalegea zaidi. Kwa maelezo yako mwenyewe, uzito umerudi na mafuta si mengi. Kilichobaki ni ngozi na, kwa dhana yangu, misuli.

Habari ya misuli ndiyo inayosahauliwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Misuli miwili mirefu inayoshuka mbele ya tumbo, kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, imeunganishwa katikati na utepe mgumu wa nyuzi. Mimba inapokua, utepe huo hutanuka na misuli huachana. Kwa wanawake wengi pengo hupungua lenyewe katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua, lakini kwa wengine hubaki, hasa baada ya mimba kadhaa au mimba ya mapacha, na matumbo ya ndani yakakosa ukuta wa kuyazuia. Ndiyo maana mwanamke mwembamba, ambaye hana hata hiyo tunayoiita nyama uzembe, anapishwa kiti kwenye daladala kwa kudhaniwa kuwa mjamzito, na jioni baada ya chakula tumbo linazidi kuliko asubuhi.

Unaweza kujipima nyumbani kabla ya kumwona mtu yeyote. Lala chali, kunja magoti, weka ncha za vidole kwenye mstari wa katikati, juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu kutoka kitandani. Kama misuli imeachana, utahisi vidole vinazama kati ya kingo mbili ngumu, au utaona mwinuko mrefu ukijitokeza katikati ya tumbo. Pengo linalozidi sentimita mbili hivi ndilo madaktari wengi wanalolihesabu kuwa tatizo, na kipimo cha ultrasaundi hulithibitisha. Kwangu vidole vitatu vilizama bila shida, na daktari aliponiambia nikohoe, kitu laini kilisukuma kitovu kwa nje. Ilikuwa ngiri ya kitovu. Kliniki ya urembo niliyokuwa nimeanzia ilinizungushia futi ya fundi cherehani kiunoni na kunitajia bei ya kunyonya mafuta, bila hata kunilaza kitandani. Fikiria bomba la chuma linalopitishwa chini ya ngozi bila kuonekana, likakutana na ngiri yenye utumbo ndani yake. Kutoboka kwa utumbo ni moja ya hatari zinazojulikana za upasuaji huo, na ngiri isiyogunduliwa ni moja ya sababu zake.

Kabla ya kisu, kuna mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua wanawake waliozaa atakufundisha kupumua, kukaza misuli ya chini ya nyonga na kuutumia msuli wa ndani kabisa wa tumbo, na atakuzuia yale mazoezi ya kuinuka kwa nguvu ambayo wengi huyakimbilia na ambayo, pengo likiwa kubwa, hulifanya tumbo litokeze kila unapoinuka. Mimi nilifanya kwa miezi mingi. Maumivu ya mgongo yalipungua sana na pengo lilipungua kiasi, ila ngozi haikubadilika, kwa kuwa hakuna zoezi la ngozi. Kuhusu kufunga tumbo kwa kanga na kukandwa, ambako bibi zetu walikusimamia kwa ukali, nitasema tu kwamba kufunga kunampa mzazi nafuu ya kutembea na kukaa wima katika arobaini yake, lakini hakuyeyushi mafuta wala hakushoni misuli, na maji ya moto yanayochoma mshono wa operesheni ni hatari tupu.

Kinachotibu ngozi na misuli kwa pamoja ni upasuaji wa kukaza tumbo. Mshono wake hupita chini, mara nyingi kutoka nyonga hadi nyonga, kwenye mstari ambao nguo ya ndani inaufunika. Ngozi huinuliwa hadi karibu na mbavu, misuli huvutwa katikati na kushonwa kwa nyuzi imara, ngiri kama ipo hurekebishwa hapo hapo, kisha ngozi huvutwa chini, iliyozidi hukatwa, na kitovu hutolewa kupitia tundu jipya. Yote hufanyika chini ya nusu kaputi na huchukua saa mbili hadi nne au zaidi. Kovu la operesheni ya uzazi kwa kawaida huondoka pamoja na ngozi inayokatwa. Michirizi iliyo chini ya kitovu nayo huondoka kwa sehemu kubwa. Iliyo juu ya kitovu haiondoki, inashushwa tu. Kuna upasuaji mdogo zaidi unaogusa sehemu ya chini ya kitovu pekee, nao unamfaa mwenye ngozi kidogo iliyolegea. Kunyonya mafuta kunaweza kuongezwa ubavuni kama nyongeza, na hapo kuna maana.

Sasa kupona, ambako matangazo hukupitia haraka. Siku za mwanzo hutembei wima. Unatembea umeinama kama bibi kizee ili mshono usivutwe, na unalala umeegemea mito huku magoti yamekunjwa. Mimi nilitoka hospitali na mirija miwili iliyotoka karibu na kinena, kila mmoja ukiishia kwenye chupa laini ya plastiki inayominywa ili ivute majimaji. Wifi yangu alikuwa akizimimina kila asubuhi na jioni kwenye kikombe chenye alama za mililita, akaandika kiasi na rangi kwenye daftari la shule la mwanangu, na siku ya kliniki daktari alianza na daftari lile kabla ya kunitazama mimi. Mrija ulitolewa kiasi kiliposhuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, ambacho ni kipimo kinachotumiwa na wengi. Hata baada ya kutolewa, majimaji yanaweza kujikusanya tena chini ya ngozi na yakahitaji kuvutwa kwa sindano. Mkanda wa kubana tumbo huvaliwa kwa wiki sita hivi, mchana na usiku, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari hilo ni jambo la kulifikiria unapopanga tarehe.

Katika wiki hizo sita huruhusiwi kubeba kitu kizito, na mtoto wa mwaka mmoja ni kitu kizito. Hili ndilo lililonitesa kuliko maumivu, maana mtoto haelewi, anakuja mikono juu. Bila mtu mzima wa kukaa nawe usiku na mchana, wa kumwogesha mtoto, kupika, kuteka maji na kukuinua kitandani, usipange upasuaji huu. Binti wa kazi peke yake hatoshi, kwa sababu mtu huyo anatakiwa pia kuwa na uwezo wa kuamua kukupeleka hospitali usiku mguu ukivimba au pumzi ikikata.

Nimetaja mguu na pumzi kwa makusudi. Kati ya upasuaji wa urembo, huu wa tumbo ni miongoni mwa zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge likipanda hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Kwa hiyo unaamshwa utembee siku ile ile au kesho yake hata kama unalia, unavalishwa soksi za kubana, na wenye hatari kubwa zaidi huchomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari hiyo, kwa hiyo mtajie daktari dawa zote unazotumia, hata zile unazoziona ndogo. Uvutaji wa sigara huzuia ngozi kupona, na madaktari hutaka uachwe walau wiki nne kabla. Utapimwa wingi wa damu, sukari na shinikizo, na wengi wao hupendelea uwiano wa uzito na urefu (BMI) uwe karibu na 30 au chini yake. Mwenye uzito mkubwa huambiwa apungue kwanza, na hapo ndipo watu huchanganya mambo: lile puto linalowekwa tumboni, ambalo Hospitali ya Muhimbili Mloganzila imelifanya lijulikane sana nchini, ni la kusaidia kupunguza uzito, halihusiani na ngozi wala misuli, na aliyepungua sana kwa puto huweza kubaki na ngozi nyingi kuliko mwanzo.

Uangalie pia mshono wako wa operesheni, maana unakueleza jambo ambalo daktari atalitaka. Kama ulipona ukabaki mstari mwembamba, ni dalili njema. Kama umevimba, unawasha na umepanuka kupita ulipokatwa, hiyo ni keloidi, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na mshono wa nyonga hadi nyonga utakupa nafasi ndefu ya kuipata. Si lazima iwe sababu ya kukataa, ila mpango wa karatasi za silikoni na sindano za steroidi uwepo kabla ya kukatwa. Kovu langu lilikaa jekundu na gumu kwa miezi mingi kabla ya kufifia, na chini ya kitovu bado kuna eneo lenye ganzi ambalo nikijikuna sihisi kitu.

Wengine hapa wamekushauri ufanye matiti siku hiyo hiyo. Inawezekana, na wapo wanaochanganya, lakini muda wa nusu kaputi huongezeka na hatari nazo huongezeka. Wewe bado unanyonyesha. Umbo la matiti halijatulia, na kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita baada ya mtoto kuachishwa. Kumbuka pia kwamba silikoni za matiti si za maisha yote, kwa hiyo aliyewekewa ajue kuna upasuaji mwingine mbele yake. Ama kuhamishia mafuta ya tumbo kwenye makalio, hapo mimi ni mkali: mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji rekebishi (plastic surgery) lilikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 hivi, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya makalio hufika kwenye moyo na mapafu, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwataka wanachama wake waache kuufanya. Mbinu zimerekebishwa tangu hapo, lakini usiukubali kama zawadi ya kufidia bei, kama kliniki nyingine zinavyoupanga.

Kuhusu mahali pa kwenda, tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, na jina lake ulihakiki kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa walioko Kenya, kwenye baraza la madaktari la huko. Muulize mambo haya mbele ya mumeo au ndugu: nani anatoa usingizi, je, pana chumba cha wagonjwa mahututi katika jengo hilo hilo, damu ya akiba iko wapi, bei inajumuisha kurudi kufungwa vidonda na kurekebishwa kama mshono utaachia. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na mamlaka zikaifunga kliniki hiyo. Wanaofikiria Uturuki au India kwa sababu ya bei waingize pia gharama ya kukaa huko mpaka mirija itoke, kwani safari ndefu ya ndege nayo ni kichocheo cha damu kuganda, na ukirudi na usaha, daktari wa hapa atapokea kazi ambayo hakuianza.

Bima nyingi hazilipi upasuaji wa urembo, lakini ngiri ni ugonjwa, na sehemu hiyo inaweza kukubaliwa ikiwa imeandikwa na kupimwa. Kwa hiyo anza na kipimo cha misuli na kitovu.

Umeuliza mwisho kama mlango wa uzazi unafungwa. Haufungwi, kizazi hakiguswi na wanawake hubeba mimba salama baada ya upasuaji huu, ila mimba mpya huitanua tena ngozi na misuli iliyoshonwa, na fedha yote ikawa imekwenda bure. Kama wewe na mzee mnafikiria mtoto wa nne, mpate kwanza. Kama mmefunga hesabu, mwachishe huyu wa sasa kwa wakati wake, uzito ukae bila kupanda na kushuka kwa miezi kadhaa, endelea na fiziotherapia, kisha ukapimwe. Ukitaka maswali yote niliyompelekea daktari wangu, niandikie hapa chini, nitayaweka.