Mstari mweusi kwenye ukucha

SWALI: Nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, una miezi minane. Sikumbuki kujikwaa. Dukani nilipewa dawa ya fangasi, haikusaidia. Wenzangu wanasema sisi weusi hatupati kansa ya ngozi. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Si kweli. Weusi wa ngozi hutukinga na jua, lakini melanoma (kansa ya chembe za rangi ya ngozi) ya viganja, nyayo na kucha haitokani na jua, na ndiyo melanoma inayowapata zaidi watu weusi. Bob Marley ilimwanzia kidoleni mguuni, ikadhaniwa jeraha la mpira. Iligunduliwa 1977, akafariki 1981.

Mstari wenyewe si hukumu. Wengi wetu tunayo, tena kwenye kucha kadhaa, myembamba, haibadiliki miaka nenda miaka rudi. Wa kutilia shaka ni ule wa ukucha mmoja tu, uliozuka ukubwani, wenye upana unaozidi milimita 3, rangi isiyolingana, au uliotanuka zaidi shinani kuliko nchani. Weusi ukishamwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, usingoje hata wiki.

Damu iliyovilia chini ya ukucha husogea nao unapokua. Ukucha wa mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, hivyo kwa miezi yako minane ingekuwa imeshasogea kiasi cha sentimita moja na kuacha ukucha safi nyuma yake. Kama mstari wako bado unaanzia shinani, dawa ya fangasi iache, nenda hospitali.

Kagua na nyayo, hasa kisigino: doa lenye kingo zisizoeleweka linalotanuka, au kidonda kisichofunga. Melanoma nyingine hazina weusi kabisa. Huwa nyekundu-nyekundu, mtu akadhani ni chunjua. (Wapenzi wa hina na piko, jikagueni kabla ya kupaka. Piko huficha kila kitu.)

Omba kuonwa na daktari wa ngozi; kwa upande wenu, hospitali ya KCMC Moshi wapo. Atakupiga ganzi na kuchukua kinyama kwenye shina la ukucha kipelekwe maabara. Kipande cha ukucha kilichokatwa nchani hakitoshi, maana ugonjwa huanzia chini ya ngozi ya shina. Mwombe pia akupapase matezi ya kinenani. Kabla ya hapo usikubali mtu alichome doa kwa dawa wala kulikwangua kwa wembe: ugonjwa hubaki ndani, na alama ambazo daktari angezisoma zinapotea.