Zali na ufundi kwenye meza ya Efren Reyes

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na video uliyoniwekea nimeitazama: mechi ya pool, Efren Reyes wa Ufilipino dhidi ya Mmarekani Earl Strickland, Reno, Marekani, mwaka 1995. Unasema mmebishana na wenzako kazini. Wewe unashikilia kwamba ule ni ufundi, wao wanasema Mfilipino yule alipata zali, na kwamba mtu akishika fimbo miaka 40 ni lazima mazali ya namba hiyo yamdondokee. Ukataka nikuambie nani yuko sahihi. Naona wote mnatazama mahali pamoja pasipofaa, yaani mpira ulioingia shimoni. Bahati na ufundi huwa vimeshagawana kazi kabla mpira haujafika huko.

Tuuchukue mpigo wenyewe. Mchezo ni wa mipira 9, na sheria yake inataka mpira mweupe uguse kwanza ule wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Wakati ule ilikuwa zamu ya namba 5, na Strickland alikuwa ameificha, njia ya moja kwa moja haipo. Reyes akapiga mweupe ukingoni, ukavuka meza, ukagonga ukingo wa pili, ukachora herufi Z, ukaikuta 5 na kuizamisha.

Sasa pima kwa vipimo. Mpira wa meza kubwa ya futi 9 una kipenyo cha milimita 57.15. Ukitaka mweupe uiguse 5 popote pale, kitovu cha mweupe kina nafasi ya kupita yenye upana wa kama sentimita 11.4. Ukitaka uiguse upande mmoja tu, wa kushoto au wa kulia, nafasi hiyo inapungua kuwa nusu. Ukitaka 5 iingie shimoni, unabaki na milimita chache tu. Kuigusa, kwa mtu kama Reyes, ni hesabu. Kuigusa upande autakao ni ufundi wa juu kabisa. Kuizamisha baada ya kingo mbili, hapo zali nalo limetia mkono, na sioni aibu kulikubali. Ila mchezaji wa kiwango chake hachagui njia ya kingo mbili kwa kukisia. Anachagua ile ambayo, mpira usipoingia, mpinzani atabaki na mpigo mgumu. Wenzako wameona tukio moja. Yeye alikuwa amepanga matukio kama matatu, na zuri kuliko yote ndilo lililotokea.

Hesabu ya kingo si siri. Kwa ukingo mmoja, pima umbali wa kila mpira kutoka ukingoni. Mweupe ukiwa sentimita 60 na unaolengwa sentimita 30, mahali pa kugonga panaigawa njia ya ubavuni mafungu mawili kwa moja, na panakaa karibu zaidi na mpira unaolengwa. Usipime hadi kwenye raba ya ukingo wenyewe. Pima hadi mstari ulio sentimita 2.9 ndani ya meza, kwa kuwa kitovu cha mpira hakifiki ukingoni, kinaishia umbali wa nusu ya mpira. Wengi wanaokosa kwa upana wa kidole wamekosea hapo, kisha wanasema meza ina mkosi.

Kwa kingo tatu ziko zile alama zilizochongwa mbavuni mwa meza, ambazo kwenye meza ya futi 9 zimeachana sentimita 31.75. Simama kwenye upande mfupi. Mweupe unatoka kona ya kushoto iliyo karibu nawe. Ipe kona hiyo namba 5. Ubavu wa kulia unahesabiwa kuanzia kona ya mbali: 1, 2, 3. Ubavu wa kushoto, ambako mweupe utafikia mwisho, nao unahesabiwa kutoka kona ya mbali vivyo hivyo. Unataka ufike alama ya 2 ya kushoto? 5 toa 2 ni 3. Lenga alama ya 3 ya kulia, gusa mweupe kidogo upande wa kushoto ili uzunguke kuelekea unakokwenda, piga kwa nguvu ya wastani. Utagonga kulia, kisha ukingo mfupi wa mbali, kisha kushoto kwenye 2.

Karatasini ni rahisi. Mezani kuna vitu vinne vinavyoiharibu. Ukipiga kwa nguvu, raba ya ukingo inabonyea na mpira unarudi kwa pembe nyembamba kuliko ulivyotarajia. Ukipiga taratibu na mpira ukawa unabingirika, unatanuka. Kitambaa kipya kinateleza na mpira unafika mbali. Kitambaa kikuukuu kilichojaa vumbi la chaki kinaushika. Na unyevu: kwenye hewa nzito kama ya Manila, au ya Dar es Salaam mwezi Aprili, kitambaa kinakuwa kizito na mahesabu yote yanafupika. Mchezaji mzoefu anapewa dakika chache za kujipasha kabla ya mechi, na hazitumii kuzamisha mipira. Anapiga kingo mbili tatu, anatazama mweupe umeishia wapi, anajirekebisha. Halafu anaubingirisha mpira taratibu kuelekea kila kona aone meza imeinamia wapi. Mpira ukija kupinda dakika za mwisho za mechi, mpinzani anashika kichwa na kulaani bahati, wakati mwenzake alishajua tangu mwanzo kwamba kona ile inavuta.

Reyes alikuwa na faida nyingine. Hakukulia kwenye mipira 9 peke yake. Alicheza sana carom, mchezo wa meza isiyo na mashimo kabisa, ambamo kazi yako yote ni kuusafirisha mpira kutoka ukingo hadi ukingo. Mwaka 2019, akiwa na miaka 65, bado aliiwakilisha Ufilipino katika michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia. Wamarekani wa miaka ya 1980 walipofichiwa mpira walikuwa wakiridhika kuugusa tu. Yeye alikuja akiwa tayari anajua pa kuugusa.

Hilo la wenzako kwamba miaka mingi huleta mazali mengi lina ukweli nusu. Miaka inaleta mazali kwako, na inayaleta vilevile kwa kila unayecheza naye. Kwa muda mrefu yanafutana. Chukua wachezaji wawili, mmoja ana nafasi ya asilimia 55 ya kushinda kila gemu. Wakicheza wa kwanza kufikisha 5, huyo bora anashinda mechi kwa asilimia 62 hivi, kwa hiyo mara nyingi tu dhaifu ataondoka na fedha. Wakicheza wa kwanza kufikisha 17, inakuwa kama 72. Wakicheza wa kwanza kufikisha 120, inafika 94. Ndiyo maana fainali ya dunia ya mwaka 1999 huko Cardiff, ambayo Reyes alimshinda Chang Hao-Ping 17 kwa 8, ina uzito kuliko video yoyote utakayotumiwa. Huwezi kumwacha mtu gemu 9 kwa zali.

Na ili nisikupendelee: mwaka 1996 Reyes na Strickland hao hao walikutana Hong Kong, wa kwanza kufikisha 120, mshindi achukue dola 100,000. Iliisha 120 kwa 117. Gemu 237, tofauti 3. Hapo wenzako wangekuwa na hoja. Watu wawili wakiwa sawa kwa ufundi kiasi hicho, kinachobaki kuwatenganisha ni vitu vidogo: mpira uliojificha wenyewe, mweupe uliotumbukia. Mechi ile inaniambia kwamba wote wawili walikuwa wakubwa. Nani ni mkubwa kuliko mwenzake, hainiambii.

Sheria za mchezo nazo zinaamua zali liingie kwa mlango gani. Kwenye mipira 9 si lazima utaje shimo. Mradi umegusa namba sahihi kwanza, kilichoingia kimeingia, hata 9 ikitumbukia kwenye mpigo wa kufungua unashinda gemu. Huo ndio mchezo wenye bahati nyingi. Kwenye mipira 8 ya kimataifa unataja mpira na shimo, na bahati inapungua. Uko pia mchezo wa shimo moja, ambao kila mtu ana kona yake na wa kwanza kuingiza mipira 8 kwenye kona hiyo ndiye mshindi; mpira ukiingia kwenye kona ya mpinzani unahesabiwa kwake. Huo unakwenda polepole, umejaa kuficha na kusogeza, na hauna huruma kwa mtu wa kubahatisha. Reyes amekuwa mmoja wa wakali wake kuliko wote. Mwaka 2004 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira 8, akawa wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika michezo miwili tofauti ya pool. Kama yalikuwa mazali tu, yasingemfuata kwenye mchezo ambao hauyaruhusu.

Mpigo wa kufungua ndio watu wanaouona kama bahati nasibu, na hapa nitakaa kidogo. Baada ya kupanga mipira, inama utazame kati ya mpira wa mbele na miwili iliyo nyuma yake. Nafasi hata ya unene wa karatasi inameza nguvu, na mipira inasambaa hovyo. Mipira ikigusana sawasawa na mpira wa mbele ukiwa juu ya alama yake, ule wa pembeni una njia inayojulikana hadi kona, na mtu aliyefanya mazoezi anauzamisha bila hata kutumia nguvu nyingi. Uliwahi kuwa uhakika kiasi kwamba waandaaji wa mashindano wakaanza kusogeza upangaji mbele, wakaiweka 9 juu ya alama badala ya 1, ili kuivunja njia hiyo. Hakuna anayebadili sheria kwa ajili ya kitu kinachotokea kwa bahati.

Lakini kama ungeniuliza ni ufundi gani hasa unaofanana na zali, ningekutajia mpigo wa njia mbili. Una mpira mgumu, tuseme unaouzamisha mara 6 kati ya 10. Kijana anaulenga, anaangalia kuingia tu. Mkongwe anaulenga huo huo, ila anachagua mwendo ambao, ukikosa, mweupe unapumzika nyuma ya mipira mingine au upande wa pili wa meza. Zile mara 4 za kukosa, mpinzani anasimama na hana cha kupiga. Anayetazama anasema, mzee amekosa lakini ana bahati gani! Siku nzima mzee "anabahatika" hivyo. Ukimtazama Reyes tena, acha kufuata mpira wenye namba. Mfuate mweupe mpaka usimame, hasa anapokosa.

Mwaka 2006, akiwa na miaka 52, alimshinda Rodney Morris fainali ya mipira 8 huko Reno, mji ule ule wa video yako. Macho ya miaka 52 hayaoni kama ya 25, na mkono haupigi kwa uthabiti ule. Kinachodumu ni kujua mweupe utaishia wapi, na anayejua hilo hujiachia mipigo myepesi. Ukimwona mchezaji anafanya miujiza kila gemu, jiulize ni nani anayemweka kwenye shida hizo. Mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Kuna bahati moja kubwa kwa Reyes ambayo hamkuitaja. Alizaliwa mwaka 1954 Pampanga, na akiwa mtoto mdogo alipelekwa Manila kwa mjomba wake aliyekuwa na ukumbi wa biliadi. Alilala juu ya meza hizo, na kwa ufupi wake alisimama juu ya kreti za soda ili afikie mpira. Hakuichagua nyumba ile. Mtoto mwenye kipaji kama chake, akizaliwa mtaa usio na meza, asingejua kwamba anacho. Lakini mwaka 1985 alipokwenda Houston na kushinda mashindano kwa jina la Cesar Morales, mjomba hakuwepo, na hata jina lake mwenyewe halikuwepo la kumtisha mtu. Hapo alikuwa na fimbo na mipira tu.

Sasa upande wako. Meza mnazochezea ni ndogo, za futi 7 za kuingiza sarafu, na sheria zenu za mtaani zinakubali mpira wowote ulioingia, kwa hiyo zali ni jingi kuliko la Reno. Mkitaka kumaliza ubishi, nunueni daftari. Kila gemu andikeni vitu vitatu: mpira ulioingia bila kukusudiwa, mweupe uliotumbukia, na mara ambazo mweupe ulisimama zaidi ya shubiri moja kutoka ulipotakiwa. Mpigaji aseme anautaka wapi kabla ya kupiga, la sivyo kila mtu atadai alikusudia. Fanyeni gemu 100, si 10. Mpira wa bila kukusudia utawagawia karibu sawa. Safu ya tatu ndiyo itakayowatenganisha, na jina lenye alama chache humo nategemea litakuwa la mtu mnayemwita mwenye zali.

Ukiona safu hiyo ni ndefu kwako, weka mpira mmoja katikati ya meza na mweupe umbali wa hatua moja, kwenye mstari ulionyooka na kona. Uzamishe mweupe usimame pale pale ulipogusa. Kisha uzamishe mweupe ufuate shubiri moja. Kisha urudi shubiri moja. Mara 10 kwa kila namna, kabla hujaanza kucheza na mtu. Mweupe ukisogea pembeni badala ya kusimama, huupigi katikati. Shusha mkono wa nyuma, fimbo ilale. Ukifuata badala ya kusimama, unaupiga juu mno au taratibu mno, na unaanza kubingirika kabla ya kufika.

Nitumie picha ya kurasa za daftari mkifikisha gemu 50, nizipitie. Mama anakusalimu.

Baba yako