Shuleni kwetu hakuna somo la sheria. Nitaachwa nyuma?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Nipo kidato cha tatu na nataka kuwa wakili. Binamu yangu anaishi Birmingham, Uingereza, na huko anasoma sheria kama somo la sekondari, pamoja na historia na saikolojia. Akipiga simu ananitajia kesi, mimi nabaki kusikiliza tu. Je, nitafika chuo kikuu nikiwa nimeshaachwa? – Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaachwa. Hata huko kwa binamu yako, Oxford na Cambridge hawamdai mwombaji wa shahada ya sheria awe amesoma somo hilo shuleni. Wanampa mtihani uitwao LNAT: anasoma maandishi, anajibu maswali juu yake, kisha anaandika insha. Hatakiwi kukumbuka kifungu chochote cha sheria.

Hapa kwetu tahasusi zilizozoeleka ni HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Mimi nilitoka HKL, lakini chuoni tulikuwa na kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ambaye hoja zake zilinyooka kuliko za wengi wetu, maana alizoea kuuliza kila hatua imetokana na nini. Ukimaliza shahada na ukitaka uwakili, utapitia Law School of Tanzania. Hayo yatafika kwa wakati wake.

Linaloniumiza ni kwamba mabinti wengi wanamaliza kidato cha nne bila kuwahi kusoma hukumu hata moja. Kwa hiyo anza na hii inayokuhusu wewe mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa kuwa 15; kifungu cha 17 kikazungumzia ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Alishinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Soma kwanza Ibara ya 13 ya Katiba, inayohusu usawa mbele ya sheria, kisha fungua hukumu yenyewe. Inapatikana bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Tafuta nani analalamika na anaomba nini. Ukifika kwenye hoja za Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ziandike upya kwa Kiswahili chako, kwa uzito ambao yeye mwenyewe angeukubali, hata kama moyo wako wote uko kwa Rebeca. Wengi hukwama hapo: huiandika hoja ya upande wa pili kinyonge ili waishinde kirahisi, halafu mahakamani wanashangaa wakili mwenzao anapoinuka na kuijenga vizuri. Baada ya hapo angalia majaji waliijibu hoja ipi, na kwa sababu gani. Mpe rafiki yako asome ulichoandika. Asiyejua kesi hiyo akielewa mgogoro ulikuwa nini, umefanya kazi ya kisheria.

Kiingereza usikikimbie. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami nilifurahi mno, lakini hukumu nyingi za nyuma za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko kwa Kiingereza, na ndizo utakazozitegemea.

Tena usimwonee wivu binamu yako. Mfumo wetu wa sheria umerithi mengi kutoka Uingereza: sheria yetu inaitambua "common law" ya Kiingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo akifika kwenye mada ya mikataba, mwombe akupigie picha kurasa za kitabu chake akutumie. Nawe mweleze kesi ya Rebeca, umuulize kama wao wana inayofanana nayo.