Kabla Hujalipa Karo ya Shule Changa ya Sheria

Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza 1970, na kwa zaidi ya miaka 20 ndicho kilichokuwa peke yake nchini Kenya. Leo vyuo binafsi vinavyofundisha sheria ni vingi. Strathmore ilifungua shule yake ya sheria 2012, na nyingine zimeingia uwanjani kabla na baada yake. Uchanga wenyewe si kasoro. Shule changa huweza kuwa na madarasa madogo, mtalaa ulioandikwa juzi na mkuu anayewajua wanafunzi kwa majina. Shida ni kwamba bado haina wahitimu wengi mahakamani wa kuitolea ushahidi, kwa hiyo anayelipa hana budi kusoma karatasi.

Karatasi ya kwanza ni leseni, na hapa ndipo wengi huteleza. Chuo kikuu kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ni jambo moja. Kuruhusiwa kufundisha sheria ni jingine. Ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Elimu ya Sheria, chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012. Fungua orodha ya Baraza uangalie vitu vitatu: jina la chuo, kampasi yenyewe, na tarehe ya leseni kuisha. Kampasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Leseni ya kampasi ya Nairobi haiwafuniki wanaosomea kampasi iliyofunguliwa mwaka jana mjini kwingine, hata kama nembo langoni ni ileile. Kama leseni itaisha ukiwa mwaka wa pili, uliza ombi la kuihuisha liko wapi, na uombe jibu la maandishi. Wala usidhani ukongwe ni kinga: mwaka 2015 Baraza liliamuru kufungwa kwa shule ya sheria ya chuo kikuu cha umma, si cha binafsi.

Karatasi ya pili ni orodha ya masomo. Kanuni za elimu ya sheria za 2016 zinataja masomo 16 ya lazima katika shahada ya sheria, miongoni mwake mikataba, madhara (torts), jinai, katiba, sheria ya utawala, ushahidi, ardhi na mali, familia na mirathi, kampuni, kazi, na sheria ya kimataifa. Chukua kijitabu cha shule, weka alama kwenye kila moja. Shule changa hupenda kutangaza masomo ya kuvutia kama sheria ya mafuta na gesi, ya michezo, ya teknolojia ya fedha. Ni mazuri, lakini hayazibi pengo la somo la lazima. Pengo hilo hujitokeza siku unapopeleka nakala ya alama zako Shule ya Sheria ya Kenya pale Karen, Nairobi, ambako wenye shahada husomea uwakili, na kulirudia somo moja baada ya kuhitimu ni gharama na aibu. Anayehama chuo kimoja kwenda kingine ndiye huathirika zaidi, kwa sababu somo lenye jina lilelile huenda lilifundishwa nusu mhula upande mmoja na mhula mzima upande wa pili. Peleka maelezo ya kozi, si alama tu.

Sasa alama za kidato cha nne. Njia ya kawaida ya kuingia shahada ya sheria ni wastani wa C+ kwenye KCSE, pamoja na B kamili ya Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, au Kiswahili. Mtoto aliyepata B ya Kiswahili na C+ ya Kiingereza hajafungiwa mlango, ingawa baadhi ya washauri wa usajili humweleza vingine. Ziko njia nyingine pia: kupitia stashahada, au shahada ya kwanza ya fani tofauti. Hapa tembea pole pole. Kukubaliwa na chuo kusoma sheria si sawa na kukubaliwa na Shule ya Sheria ya Kenya kusomea uwakili. Waliopanda ngazi kwa stashahada wamewahi kufika Karen wakiwa na shahada mkononi wakakataliwa kwa sababu ya alama zao za KCSE, na suala hilo limebishaniwa mahakamani mara nyingi, huku vifungu vyenyewe vikibadilishwa. Kama uko kundi hilo, usilitegemee neno la ofisi ya usajili ya chuo. Iandikie Shule ya Sheria ya Kenya moja kwa moja kabla ya kulipa, ambatisha nakala ya cheti cha KCSE na cha stashahada, uulize: je, kwa vyeti hivi nitapokelewa? Hifadhi jibu.

Kuhusu pesa, kosa kubwa ni kuhesabu mhula badala ya safari nzima. Shahada ni miaka 4. Tuseme shule inadai shilingi 120,000 kwa mhula. Yenye mihula 2 kwa mwaka itakugharimu 960,000. Yenye mihula 3 kwa miaka hiyo hiyo itafika 1,440,000. Tangazo husema "120,000" tu. Ongeza ada za usajili, mitihani, maktaba, chama cha wanafunzi, na vazi la kuhitimu. Kisha jua kwamba shahada haikufanyi wakili. Baada yake kuna programu ya mafunzo ya mawakili, ATP, ambayo karo yake pekee inakaribia laki mbili, kabla ya kodi ya nyumba Nairobi. Programu hiyo ina masomo 9, mtihani wa mwisho ukichukua asilimia 60 ya alama, na asilimia 40 ikigawanywa sawa kati ya kazi za mradi na mtihani wa mdomo. Kufaulu ni 50 katika kila somo, na wanaofeli ni wengi. Halafu kuna miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, mara nyingi kwa posho inayotosha nauli. Familia inayomaliza akiba yake kwenye mhula wa nane imemwacha mtoto katikati ya mto. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi, basi omba mapema.

Ubora wa mafunzo hauonekani kwenye jengo. Omba mitihani iliyopita ya somo moja tu, sheria ya mikataba. Swali likiwa "Eleza aina za masharti katika mkataba, ukitoa mifano", hiyo ni kazi ya kukariri. Swali la shule inayofundisha hufanana na hili: fundi wa Thika ananunua Probox kutoka kwa muuzaji wa magari ya mitumba, aliiendesha dakika 10 kabla ya kulipa, wiki mbili baadaye injini inakufa, risiti imeandikwa "gari limeuzwa lilivyo". Mshauri fundi huyo. Mwanafunzi aliyefundishwa atakwenda kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16. Ataanza kwa kuuliza kama muuzaji hufanya biashara ya magari au alikuwa akiuza la kwake, maana sharti la ubora wa kuuzika hutegemea hilo. Atauliza kama dakika zile 10 zilitosha kulifichua tatizo la injini, kwa sababu mnunuzi aliyekagua hafidiwi kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Ndipo atakuja kwenye yale maneno ya risiti. Mitihani ya namna hii miaka mitatu mfululizo ni uthibitisho mzuri kuliko picha ya maktaba.

Ukifika shuleni, nenda siku ya katikati ya mhula, si siku ya maonyesho. Tazama ratiba ukutani: wahadhiri wangapi wameajiriwa kabisa, na wangapi ni mawakili wanaokuja jioni wakitoka kortini? Wa pili si wabaya, tena wengine ndio bora, ila kesi ikiahirishwa hadi saa tisa darasa linakufa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, si wa kwanza, alama za mhula uliopita zilitoka baada ya wiki ngapi na kama kuna somo ambalo alama zake zimepotea. Wakicheka kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Uliza pia habari za kliniki ya msaada wa kisheria. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60, hivyo ni mahali pazuri pa mwanafunzi kujifunza kuandika dai fupi la mama mboga asiyelipwa. Kliniki hai ina daftari la wateja, siku maalumu ya kupokea watu na wakili anayesimamia. Kliniki ya jina tu ina bango. Mashindano ya mahakama ya mfano, ambako wanafunzi hutetea kesi za kubuni, nayo yapime hivyo hivyo. Kushinda mara moja ni sifa ya wanafunzi watatu. Mazoezi ya kila wiki yaliyo wazi kwa wote ndiyo programu.

Programu nyingine tuzipitie haraka. Stashahada ya sheria humfaa karani au msaidizi wa kisheria aliyeko kazini. Shahada ya uzamili kwenye shule ambayo bado haina maprofesa wa kutosha ingoje. Masomo ya jioni ni halali ikiwa yamo kwenye leseni, ila hesabu saa za foleni ya magari.

Mtanzania anayekuja kusomea Kenya ajue kwamba akirudi nyumbani akitaka uwakili atapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) pale Dar es Salaam, na Mganda atapitia Law Development Centre, Kampala. Taasisi hizo zina masharti yao juu ya shahada za nje. Barua kama ile ya kwenda Shule ya Sheria ya Kenya iandikwe kwenda huko pia, kabla ya mhula wa kwanza.