Je, Mtu Huulizwa Dhambi ya Mwenzake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika mafundisho ya Kiyahudi Waisraeli wote ni wadhamini wao kwa wao, hata mtu huweza kuulizwa dhambi ya mwenzake. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mambo haya mawili yanapatanaje?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako liliwashughulisha wanazuoni wa Talmudi wenyewe, yaani mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi. Msingi wa fundisho la udhamini ni Mambo ya Walawi 26:37, panaposemwa kwamba watu watajikwaa mmoja juu ya mwingine, nao wakalifasiri neno hilo kuwa kila mmoja atajikwaa kwa dhambi ya nduguye. Lakini hapohapo wakaweka mpaka: anayeulizwa ni yule aliyekuwa na uwezo wa kuzuia akanyamaza. Kwa hiyo maneno ya Ezekieli yanabaki palepale, kwa kuwa huyo haadhibiwi kwa kosa la mwingine bali kwa kunyamaza kwake mwenyewe.

Uwezo ndio kipimo. Sehemu ya Talmudi iitwayo Shabati inafundisha kwamba anayeweza kuwakanya watu wa nyumbani mwake asifanye hivyo hushikwa kwa ajili yao, anayeweza kuwakanya watu wa mji wake hushikwa kwa ajili ya mji, na mwenye sauti ya kusikika duniani kote hushikwa kwa ajili ya dunia. Palepale pana kisa cha ng'ombe wa Rabi Elazar ben Azaria, aliyekuwa akitoka siku ya Sabato akiwa na ukanda katikati ya pembe zake, kinyume na rai ya wanazuoni. Talmudi inaeleza kwamba ng'ombe huyo hakuwa wake hata kidogo. Alikuwa wa mwanamke jirani yake, ila kwa sababu Rabi hakumkanya jirani huyo, ng'ombe akaitwa kwa jina lake.

Mfano mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Maiti ya mtu aliyeuawa ikikutwa kondeni na muuaji hajulikani, hupimwa umbali hadi miji ya jirani, na wazee wa mji ulio karibu zaidi hunawa mikono na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inauliza, tena kwa mshangao: ni nani angewadhania wazee kuwa wauaji? Kisha inaeleza kwamba maana ya kauli yao ni kuwa mtu huyo hakufika kwao wakamwacha aondoke bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha aende bila wa kumsindikiza. Hapa hatia inayokanushwa haihusu upanga wala rungu, bali mgeni aliyepita bila kuhudumiwa.

Hata hivyo, hakuna ruhusa ya kumsimanga kila mtu. Walawi 19:17 inaamuru kumkemea mwenzako, na wanazuoni wakaongeza kwamba asikemewe hadi uso wake ukabadilika kwa aibu. Rabi Tarfon alitilia shaka kama katika kizazi chake yupo anayekubali kukemewa. Rabi Elazar, yuleyule wa kisa cha ng'ombe, alitilia shaka kama yupo ajuaye kukemea.