Wasia Ugawe Mali, Usia Ubebe Maneno

Nyumba ya marehemu huweza kuuzwa, fedha zikagawanywa, kila mtu akaridhika. Saa ya babu haikatwi vipande. Ndiyo maana vitu visivyo na bei kubwa sokoni, kama albamu ya picha au cherehani ya bibi, vinaweza kuwafanya ndugu wasisalimiane miaka mingi baada ya mazishi. Vipangie mapema, na uvipangie mara mbili: umiliki uuweke kwenye wasia, hati ya kisheria ya kugawa mali; maana ya kitu chenyewe uiweke kwenye usia, barua ya maneno kwa wanaobaki.

Ndani ya wasia, kieleze kitu kiasi kwamba hata mgeni akikikuta mezani atakitambua. "Pete yangu ya dhahabu" ni ugomvi uliosubirishwa, zikipatikana pete tatu. Andika "pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu na herufi M.S. kwa ndani", taja mrithi kwa jina kamili, na mwingine wa akiba endapo wa kwanza atatangulia. Ukikiuza kitu hicho baadaye, kwa kawaida zawadi hiyo hufa, mrithi halipwi badala yake. Mashahidi wasiwe warithi: katika nchi nyingi, shahidi huweza kupoteza alichoachiwa.

Kwa Mwislamu hesabu ni nyingine. Wasia hauvuki thuluthi moja ya mali, wala hauendi kwa mrithi bila ridhaa ya wenzake. Anayetaka tasbihi ya mama imfikie binti fulani, njia nyoofu ni hiba: amkabidhi mkononi, akiwa hai na mwenye afya.

Usia ni barua, kwa kawaida haina nguvu ya kisheria, na hapo ndipo wengi huteleza kwa kuahidi mali ndani yake. Barua ikisema shamba ni la Juma na wasia ukisema ni la Asha, umewaachia kesi. Barua ibebe yale ambayo sheria haiyaulizi: kitu kilitoka kwa nani, kilitumikaje, kwa nini unampa huyu na si yule. Hilo la mwisho usiliruke hata likiwa zito, maana mtoto asiyeelezwa sababu hujitungia yake, na anayoitunga huuma zaidi.

Asiyependa kuandika arekodiwe. Dakika 45 zinatosha kwa kikao kimoja, chumba kikiwa kimya na simu ikiwa karibu na mdomo. Mpe mzee kitu chenyewe akishike. Ukimwambia "tuambie maisha yako" atajibu kwa sentensi mbili. Ukimuuliza nani alikaa kwenye kiti hiki, atakuhesabia ukoo mzima.

Picha zisizo na majina hufa na mtu wa mwisho anayezijua sura hizo. Andika nyuma kwa penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa pili. Usitumie gundi ya utepe wala vibanio vya chuma. Picha ndogo ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, uweke nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba.

Nywila zisiingie kwenye wasia, kwani katika nchi nyingi hati hiyo husomwa na yeyote baada ya kuthibitishwa mahakamani. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, na watu hadi 10 wa kuarifiwa. Apple huruhusu kuteua mrithi wa akaunti, naye atahitaji ufunguo uliompa pamoja na cheti cha kifo.

Matakwa ya mazishi nayo yasikae kwenye wasia peke yake, maana wasia mara nyingi hufunguliwa watu wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Yaandike kwenye karatasi tofauti, umkabidhi leo yule atakayepigiwa simu ya kwanza.