Mwanangu mwenye usonji amebadilika ghafla

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mwanangu ana miaka 24, na tangu utotoni inajulikana kuwa ana usonji. Anatunza hesabu katika duka la jumla Kariakoo, ambako wote humsifu kwa uchangamfu. Tangu Ramadhani ilipokwisha, akirudi hajibu salamu, hawezi tena kupiga pasi shati lake, na blenda ikiwashwa huziba masikio na kulia. Wajomba zake wanasema anadeka. Je, usonji unazidi? (Mama, Temeke)

JIBU: Mama, mwanao hadeki, wala usonji si maradhi ya kupanda na kushuka kama homa. Unayoyaeleza yanafanana sana na uchovu mzito unaowapata watu wenye usonji, ambao Dora Raymaker na watafiti wenzake wa Marekani waliufafanua mwaka 2020 baada ya kuwasikiliza wenye usonji wenyewe: mtu huchoka mfululizo, mara nyingi kwa miezi 3 au zaidi, hupoteza uwezo aliokuwa nao, na hushindwa kustahimili sauti au mwanga aliouvumilia zamani.

Mimi naushuku huo uchangamfu unaosifiwa. Kijana anayejilazimisha kuwatazama wateja machoni na kucheka utani asiouelewa, huku vipaza sauti vya Kariakoo vikimpigia kelele kutwa, anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Kwa hiyo usingizi pekee hautamtosha. Anahitaji kupumzika na huko kujifichaficha, yaani kujilazimisha aonekane kama wengine. Mwombeeni likizo, na akirudi kazini apewe, ikiwezekana, saa chache na meza ya stoo, mbali na wateja. Nyumbani, aruhusiwe kujibu salamu kwa kichwa au kwa ujumbe wa simu, ajitikise akitaka, asiitwe sebuleni kila anapofika mgeni (wajomba wakiwamo). Blenda iwashwe akiwa hayupo. Shati mpigie pasi wewe kwa sasa, bila kumsimanga, kwani uwezo huo hurudi polepole na haraka yenu itamchelewesha.

Hata hivyo, uchovu huu hufanana na sonona, na vyote viwili vinaweza kumpata mtu kwa pamoja, kwa hiyo mpeleke kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Akitaja kufa au kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo. Nenda na karatasi uliyoandika aliyoyaweza mwaka jana na yanayomshinda leo, maana mbele ya daktari huenda yeye asiweze kusema neno.